Mwanamke wa Tisa

Asubuhi ile Sindano alipofika kliniki kwa mara ya kwanza, mtu wa kwanza kumtia machoni alikuwa mama yake mzazi, na mama yake mzazi akageuza uso akatazama ukuta.

Ulikuwa ukuta wa kawaida, rangi ya maziwa juu, kijivu chini, hauna hata tangazo la kusoma. Mama aliutazama kama mtu anayesubiri uanze kuzungumza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, chupa ya chai mapajani, na ubavuni pake alikaa mwanawe wa kiume, fundi magari, kanyoa ndevu, kavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono yake imesimama. Huyo alikuwa kaka yake Sindano, wa toka nitoke, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne.

"Shikamoo, Mama," alisema Sindano.

Mama hakuitikia. Kaka alianza kukagua kucha zake, kana kwamba mafuta ya gari ya miaka kumi yangetoka siku hiyo.

Sindano akapita. Angefanya nini? Nyuma yake palikuwa na foleni ya wanaume mia na ushee, na kila mmoja alikuwa na macho. Aliambiwa aende chumba cha mwisho, akajiandikishe kwa Sista.

Jina la Sindano hakupewa na kijiwe cha wavuta unga wa kulevya, ingawa watu wengi waliamini hivyo. Alipewa na baba yake. Baba alikuwa fundi cherehani, macho yakamwahi kuchoka, na binti yake wa miaka sita akawa ndiye wa kumtungia uzi. Mtoto alikuwa na jicho la ajabu. Alikuwa hajaribu mara mbili. Baba akiita "Sindano!" akitaka ile ya chuma, binti ndiye anayeitika. Jina likamkaa. Miaka ishirini baadaye, alipoanza kutumia unga, mtaa mzima ulicheka jina hilo, wakidhani wamegundua jambo. Yeye hakuwahi kujichoma hata siku moja. Alikuwa anavuta. Lakini utampitia nani mlango kwa mlango ukamweleze?

Baba alipofariki alimwachia cherehani. Kaka alikwenda gereji, yeye akashona mapazia, na mapazia yake yalisifika kwa sababu yalikuwa yanaanguka sawasawa, hayakunji uso chini. Alipofika miaka ishirini na sita alijifungua mtoto wa kike, kwa upasuaji. Baba wa mtoto alikuwa ameaga anakwenda kutafuta maisha, na huko maisha yakamficha.

Wiki ya tatu baada ya kupasuliwa, Sindano alikuwa tayari amerudi kwenye cherehani. Nyumba ya wageni ilikuwa imeagiza mapazia ya vyumba kumi na viwili na tarehe haikumsubiri mzazi. Kidonda kilimvuta kila alipokanyaga pedeli. Akawa anashona huku anauma upande wa khanga. Ndipo Kaka alipomkuta, mchana kweupe, mtoto analia kwenye kapu na mama mtu analia juu ya kitambaa.

"Vuta mara moja tu, upumzike," Kaka alimwambia, akitoa kitu mfukoni. "Mimi si navuta? Na kazi nafanya. Hunioni?"

Alimwona. Alikuwa anajua tangu zamani, ila nyumbani hakuna aliyelisema. Kaka alimwashia mwenyewe, akamshikia. Na maumivu yakaondoka. Si maumivu ya kidonda tu. Hata kilio cha mtoto kilianza kuja kwa mbali, kama cha mtoto wa jirani.

Kaka alikuwa amekwishavuta miaka sita, bado ana spana mkononi na sahani yake mezani kwa Mama. Sindano hakupewa miaka sita. Miezi kumi ilitosha. Mwezi wa tatu hakuweza kuamka bila kuvuta, mwezi wa sita mkono ulitetemeka hata uzi ukamshinda, mwezi wa kumi aliuza cherehani ya baba yake. Baadaye mshauri wa kliniki alimwambia kwamba amewaona wanawake wengi wakishuka mteremko huo kwa kasi hiyo. Sindano alimjibu, "Kaka alikwenda kwa miguu. Mimi nilipakiwa kwenye gari."

Siku Kaka alipobeba redio ya marehemu baba akaipoteza, Mama aliketi barazani akaomboleza: "Wamemchezea mwanangu. Marafiki wale wamemchezea." Majirani wakaja kumpa pole. Siku cherehani ilipoondoka, hakuja mtu. Mama alikunja nguo za Sindano, akazitia kwenye mfuko, akauweka nje ya mlango, akambeba mjukuu na kuingia ndani. Hakupiga hata kelele. Mama mdogo, ambaye hukosi kumkuta penye kesi, alisema kwa sauti ya kusikika njiani: "Mwanamume hurudi. Mwanamke akishakwenda kijiweni, kinachorudi siye tena."

Basi Sindano akaenda kijiweni, maana hata kama hakuwa amekwenda, alikwishapelekwa. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka.

Kijiwe kilikuwa nyuma ya ghala lililoungua. Wanaume thelathini hivi, wanawake wanne. Mwanamume akikosa, alijikunja na arosto yake, ile homa ya kukosa unga, akatapika, akatetemeka mpaka kukuche. Mwanamke akikosa, alikuwepo wa kumwambia njoo nikupe, na alichokitoa mwanamke pale hakirudi. Sindano alijifunza kulala ameegemeza mgongo ukutani. Alijifunza pia kukata nywele zake mwenyewe, kuvaa koti la kiume, na kukohoa kwa sauti nene mtu akipita.

Miaka mitatu ikaisha hivyo. Kisha siku moja alikuja pale mwelimishaji wa afya, kijana wa kiume mwenye begi na kalamu, akawaambia wavutaji kuhusu kliniki inayotoa methadoni: unakunywa kila asubuhi mbele ya dirisha, arosto inakaa kimya, unaishi. Akaandika majina. Alipofunga daftari alimuuliza mzee mmoja wa kijiwe, "Na wanawake? Wapo?"

"Wanawake?" Yule mzee alijikuna. "Sijui. Wanapitapita tu."

Sindano alikuwa ameketi hatua nne kutoka hapo, ndani ya koti lake.

"Tupo," alisema. "Wanne. Niandike."

Hivyo ndivyo alivyofika kliniki.

Sista alikuwa muuguzi mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na haraka isiyoisha. Alimpima, akamuuliza maswali hamsini, akayaandika, mpaka akafika kwenye mstari wa chini.

"Msimamizi wako nani?"

"Msimamizi wa nini?"

"Ndugu. Mtu anayetia sahihi kwamba anakujua, na usipoonekana tutamuuliza yeye. Bila huyo hatuanzi. Wote wale uliowaona nje wanao. Huyu kaja na mkewe, yule na mama yake, mwingine kaletwa na ukoo mzima kama mahari."

Sindano aligeuza macho mlangoni. Halafu akasema, "Mama yangu yupo hapo nje. Kwenye benchi."

Sista aliinuka mwenyewe akatoka. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo Sindano alisikia yote. Alisikia Sista akiuliza kwa upole. Alisikia Mama akijibu, kwa upole uleule:

"Mimi hapa nina mtoto mmoja. Ni huyu."

Kaka alikuwepo, bega kwa bega naye. Sindano alisubiri sauti yake. Alisubiri mpaka kiatu cha Sista kikasikika kinarudi, na sauti ile haikuja.

"Basi," alisema Sista, akivua miwani. "Nenda kamtafute mwingine. Shangazi, rafiki, jirani. Uje kesho."

"Hakuna, Sista."

"Hakosekani mtu."

Mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki korido, mwembamba, kitambaa kichwani, ndoo mguuni. Wagonjwa walimwita Bi Deki, hata yeye alikwishasahau kuitwa vingine. Aliegemeza ufagio wa deki ukutani, akajifuta mikono.

"Niandike mimi," alisema.

"Wewe si ndugu yake."

"Mimi nipo hapa tangu hamjafungua mlango mpaka mkishafunga. Asipokuja nitajua kabla yako wewe na kabla ya hilo faili. Ndugu gani atakushinda hapo?" Akamgeukia Sindano. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Sindano."

"Haya, mimi ndoo na wewe sindano. Tutaelewana. Mnaniandika au hamniandiki?"

Wakamwandika. Sindano akawa mgonjwa wa mia na thelathini na kitu, na mwanamke wa tisa.

Dawa ilikuwa ya maji, tamu kidogo juu, chungu nyuma ya ulimi. Unaimeza mbele ya Sista, unasema jina lako ili aone kinywa kitupu, unakwenda. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Ya tatu, Sindano aliamka asubuhi akakuta mwili wake umetulia, akaogopa, kama mtu aliyezoea mashine ya kusaga iliyo jirani, siku ikizimwa anashtuka. Bi Deki alimpa kona ya chumba chake alale. Mwenye duka la mapazia, aliyekuwa akimpa kazi zamani, alimpa vitambaa vya kupinda kwa mkono kwanza, amwone.

Kila asubuhi Mama alikuwepo, amemsindikiza Kaka kunywa dawa yake. Kila asubuhi Mama aliutazama ukuta. Wanaume wa kwenye foleni walimsifu Kaka waziwazi: "Huyu jamaa ana mama! Angalia chai hiyo!" Na walikuwa na haki, chai iliyosindikizwa na mama ni dawa ya pili. Lakini Sindano aliwaangalia wanawake wenzake na hakuiona chupa hata moja. Walikuja wamejifunika hadi pua. Walisimama ukutani, wakisubiri foleni ipungue, maana kwenye foleni kulikuwa na mikono isiyojua mipaka na midomo isiyochoka. Getini walikuwepo wanaume wa kijiweni, wanangoja watu wao.

Akaanza kuona wanavyopungua. Wa kwanza alikuwa mke wa dereva. Mume alikuwa hajui. Alipojua, hakuuliza kama amepona, aliuliza nani amemwona pale. Hakurudi. Wa pili alikuwa Mama Pacha. Watoto wake wawili ilibidi awavushe barabara kuu mpaka shuleni ndipo aje, na dirisha lilifungwa saa tatu kamili. Akachelewa siku tatu mfululizo, na aliyekosa siku tatu huanzishwa upya kwa kipimo cha chini. Kipimo cha chini hakikumtosha, arosto ikamkuta jikoni, akarudi ilikokuwa dawa ya haraka. Wa tatu alipotea tu. Miezi minne, wanawake tisa wakawa sita.

"Wanawake hawadumu," Sista alimwambia mshauri siku moja, akiwa anafunga mafaili. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. "Ukiwaleta kumi unabaki na wawili. Sijui wana nini."

Sindano alikuwa mlangoni. Alirudi nyuma akamtafuta Bi Deki, akamwambia alivyosikia.

"Sasa mimi unaniambia ili nifanye nini?" Bi Deki alisema. "Mkutano wa wagonjwa si upo Ijumaa? Kawaambie wao."

Ijumaa Sindano alisimama. Daktari mkuu alikuwepo, wagonjwa walijaa ukumbi, ndugu walikaa pembeni. Alisema kwamba Mama Pacha hakushindwa na unga, alishindwa na saa ya ukutani. Kwamba wanawake wakipewa nusu saa yao kabla ya foleni kubwa, hawatashikwashikwa. Kwamba kukiwa na mkeka na mtu wa kuangalia watoto, mama hatachagua kati ya mtoto na dawa.

Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Na sisi je, tutapewa mkeka gani?"

"Wewe wa kwako umeletwa na mkeo," alijibu mzee aliyekaa nyuma yake. "Si yule pale kaukalia?"

Ukumbi ukacheka, na mke mwenyewe akacheka zaidi. Daktari mkuu aliandika kitu kwenye karatasi, akasema watalifikiria. Sindano aliketi. Upande wa ndugu, Mama alikuwa anamtazama. Macho yalipokutana, Mama akayahamishia kwenye chupa yake.

Miezi miwili ikapita bado wanalifikiria. Ndipo ikaja Jumatatu ile.

Kaka alikuwa mtu wa kumi na tano mbele. Sindano alikuwa nyuma, ukutani, na wenzake. Aliona kichwa cha Kaka kikidondoka kifuani, kikainuka, kikadondoka tena. Aliona mkono ukijikuna pua polepole, bila haraka, kama mtu anayekumbuka jambo tamu. Hakuhitaji kuambiwa. Mama alikuwa amemshika kiwiko kwa nguvu, anamsogeza hatua kwa hatua, huku akimwambia kila aliyegeuka, "Hakupata usingizi. Kazi nyingi gereji. Hakupata usingizi huyu."

Sindano alijua jambo ambalo Mama hakulijua, au alilijua hakutaka kulijua: methadoni haimwachi salama mtu aliyekwishavuta. Vikikutana viwili hivyo, pumzi ndiyo inayotoka kuvipisha.

Kaka akafika dirishani. Sista, aliyekuwa na watu mia mbele yake, tayari alikuwa amekwishapima kikombe, anakisogeza.

Sindano aliacha ukuta. Alipita katikati ya wanaume kwa viwiko. "Sista, usimpe! Amevuta! Usimpe!"

Foleni nzima iligeuka. Mama alimwachia Kaka, akageuka naye, na kabla Sindano hajafika vizuri alipokea kofi lililomgeuza shingo.

"Umekuja kunimalizia!" Mama alilia. "Huyu mmoja niliyebaki naye, naye unamtaka! Wivu, ewe mtoto, wivu gani huu?"

Lakini mkono wa Sista ulikuwa umesimama juu ya kikombe. Aliinama kwenye dirisha. "Fungua macho nikuone," alimwambia Kaka. "Niangalie mimi."

Kaka alijaribu. Mboni zake zilikuwa ncha za pini. Akatabasamu, akateleza na ukuta, taratibu, akakaa chini, na midomo ikaanza kubadilika rangi.

Walimbeba wanaume wanne. Daktari akaja mbio, wakamchoma dawa ya kumzindua, wakamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha kumsukumia pumzi. Mama alibaki sakafuni mlangoni, miguu kainyoosha, chai imemwagika inamfuata upindo wa nguo. Sindano alimshika mkono amwinue. Mama hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Alikalishwa kwenye benchi kama mzigo, na alipopata pumzi ya kusema, alisema: "Ni wewe uliyemwingiza. Mwanangu alikuwa mtu wa kazi. Wewe ndiye uliyeleta uchafu huu nyumbani."

Sindano alimwachia mkono. Shavu lilikuwa linamwaka. Alishangaa tu kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujua kosa lake hasa ni lipi, na kumbe lilikuwa hilo.

Alasiri waliruhusiwa kuingia. Kaka alikuwa amelazwa kwenye chumba kidogo cha uangalizi, nyuma ya pazia la kijani lililopindwa vibaya. Sindano aliona upindo umekwenda upande, akataka kuukunjua aushone upya, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuutazama kuliko uso wa kaka yake. Sista alikuwa anampima presha. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama," alisema Kaka. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyemeza mchanga. "Nilipozinduka nilikusikia huko nje. Si yeye."

"Pumzika, baba. Usiseme."

"Si yeye. Mimi nilianza miaka sita kabla yake. Yeye nilimpa mimi. Alikuwa na kidonda cha uzazi, anashona analia. Nilimwashia mimi kwa mkono wangu."

Sista alilegeza mpira wa presha, akajifanya anasoma namba ambazo alikwishazisoma.

Mama alinyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana. "Na hukusema," alisema.

"Ulikuwa hujaniuliza. Na chai ilikuwa tamu, Mama."

Labda mtu mwingine angeona moyo umepata nafuu. Sindano hakuona nafuu. Alichokiona ni ghala lililoungua, na mgongo wake ukutani, na asubuhi ile kliniki aliposubiri sauti moja tu itoke kwenye benchi.

"Miaka mitatu, Kaka," alisema. "Ulikuwa unajua nilipo. Ulikuwa unapita hapo hapo ukija kuchukua kete zako za unga. Ukiniona, ulikuwa unavuka barabara."

Kaka aligeukia ukuta. Sindano alitoka, akaenda dukani, akapinda mapazia manne bila kusema na mtu, na mishono yote ilinyooka.

Wiki mbili Mama hakuonekana. Kaka alikuja peke yake, shati halijapigwa pasi, kaanzishwa upya kwa kipimo cha chini, na wanaume wale wale waliomsifu chai walimpisha kama mtu mwenye msiba. Siku ya kumi na tano Mama alikuja. Hakuketi benchini. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Sista.

"Nataka kuandikwa kwa huyu wa kike," alisema. "Msimamizi wake niwe mimi."

Bi Deki alikuwa anafuta dirisha. Hakugeuka. "Nafasi hiyo ina mwenyewe," alisema.

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Hilo halina ubishi, dada yangu. Lakini wa kwanza kwenye karatasi ni mimi. Wewe andikwa wa pili."

Mama alimtazama mwanamke yule wa ndoo, kitambaa chake, viatu vyake vya mpira. Uso ulimchemka. Kila mtu alitarajia maneno. Kisha akavuta kiti.

"Haya. Niandikeni wa pili."

Hakumwomba Sindano msamaha. Watu wa makamo yake hawakufundishwa njia hiyo, na Sindano naye hakumsaidia kuitafuta. Lakini Mama alianza kuja na vikombe vitatu, na cha tatu alikuwa anakiweka mwisho wa benchi bila kusema cha nani. Siku za kwanza chai hiyo ilipoa pale pale. Siku ya sita Sindano aliinywa, amesimama.

Saa ya wanawake nayo ilikuja. Haikuja kwa sababu ya hotuba, ilikuja kwa sababu Sista, tangu Jumatatu ile, alikuwa anamtembelea daktari mkuu kila siku na swali lilelile mpaka daktari akatia sahihi ili apumue. Nusu saa, kabla ya foleni kubwa. Mkeka alileta Bi Deki. Sindano na mwelimishaji wakarudi nyuma ya ghala lililoungua, wakawaita watatu waliobaki, wawili walikuja. Mmoja walimkosa. Alikuwa amefariki wiki moja kabla, na hakuna aliyejua ukoo wake ili aupe habari. Mama Pacha alirudi mwezi uliofuata, na pacha wake wakalala mkekani wakiwa na sare za shule. Walipohesabiwa mwisho wa mwaka, wanawake walikuwa kumi na wanne, na Sista alilisema hilo mkutanoni kana kwamba siku zote alikuwa akiwaambia watu wawe na subira na wanawake.

Jumamosi moja, Mama alimwambia Sindano aje nyumbani kula mchana.

"Mtoto atakuwepo," alisema, anafunga chupa. "Anajua ulisafiri. Usimwambie vingine."

Mtoto alikuwa na miaka mitano sasa. Alikaa mbele ya Sindano na kumkagua kwa jicho ambalo Sindano alilitambua. Lilikuwa la babu yake marehemu, kabla halijachoka. Mama alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchele katika ungo.

"Ulisafiri wapi?" mtoto aliuliza.

Sindano alimtazama Mama. Mama aliinamia mchele.

"Nilikuwa mgonjwa," alisema Sindano.

"Umepona?"

"Natibiwa. Kila asubuhi nakwenda kunywa dawa."

"Kama mjomba?"

"Kama mjomba. Ugonjwa wetu ni mmoja."

Mtoto alilifikiria hilo, akatazama mlango wa chumba cha mjomba wake, kitanda kimetandikwa, viatu vyake vya gereji chini. Akarudisha macho.

"Sasa mbona mjomba hakusafiri?"

Mkono wa Mama ulisimama ndani ya ungo. Nje mtu alikuwa anapigilia msumari, akanyamaza, akaendelea. Sindano alikuwa na jibu, alikuwa nalo miaka mingi, limepindwa na kupigwa pasi. Akaliacha. Hakuwa yeye aliyeulizwa, hata kama mtoto alikuwa anamtazama yeye.

"Mama yako hakusafiri," alisema Mama. Alisema na mchele, lakini alisema. "Nilimfukuza mimi."

"Kwa nini?"

"Nitakwambia ukikua."

"Nimeshakua," alisema mtoto.

Mama akarudi kwenye mchele wake. Mtoto akahama pale alipokaa akaja kusogea karibu na Sindano, si kwa kumkumbatia, ila kwa kutaka kuona kitambaa kilichochungulia mfukoni mwake. Kilikuwa kipande cha pazia, na uzi wake. Sindano akamwonyesha upindo unavyokunjwa mara mbili ili usifumuke. Mtoto akauliza kama anaweza kujaribu. Wakaendelea hivyo mpaka chakula kikaiva, na saa kumi Sindano akaaga, maana dukani kulikuwa na mapazia manane ya shule yanamsubiri.